Muuguzi na Mafuriko: Kazi Huanza Wakati wa Kiangazi



Mafuriko si mgeni katika Kenya. Wazee wa Mto Tana na wa kandokando ya Ziwa Viktoria wangali wakiukumbuka mwaka 1961, maji yalipofunika mashamba. Mwaka 1997 hata 1998 mvua za El Niño zilileta gharika, na nyuma yake ikaja homa ya Bonde la Ufa katika sehemu za Garissa, ikaua watu na mifugo. Mwaka 2024, kati ya Machi na Mei, maji yaliangamiza watu zaidi ya 250.

Ajali kama hizo zikitokea, sote twakimbilia hospitali. Lakini je, hospitali yenyewe ikiingiwa na maji, wagonjwa watakimbilia wapi? Jambo hilo liliupata hata mji tajiri wa New York. Mwezi wa Oktoba 2012, wakati wa tufani iliyoitwa Sandy, bahari ilipanda ikajaza vyumba vya chini vya hospitali moja kubwa. Umeme ulikatika, na mitambo ya akiba nayo ikashindwa. Wagonjwa zaidi ya 300 waliteremshwa kwa ngazi, gizani. Miongoni mwao walikuwamo watoto wachanga 20 kutoka orofa ya tisa, wakichukuliwa mikononi mwa wauguzi. Wale waliokuwa wakipumua kwa mashine walisukumiwa pumzi kwa mfuko uliobanwa kwa mkono, hatua kwa hatua, mpaka chini. Watoto wote walifika salama.

Haikosi mtasema, huo ulikuwa ushujaa. Naam, ulikuwa ushujaa. Lakini mkono usiozoezwa mchana hauwezi kazi hiyo usiku. Kwa hiyo muuguzi hana budi kujiandaa wakati ardhi ingali kavu.

Kwanza, katika kila wodi iwepo orodha ya wagonjwa, ionyeshayo ni nani awezaye kutembea, ni nani wa kushikwa mkono, na ni nani wa kubebwa. Orodha hiyo ifanywe upya kila zamu, na kila mmoja aijue njia ya kutokea.

Pili, dawa na vyeti vya wagonjwa viwekwe juu, mbali na sakafu. Chanjo nyingi zataka baridi ya digrii 2 hata 8; basi sanduku la baridi na barafu yake viwe tayari. Kadhalika mtambo wa umeme na mafuta yake visiwekwe mahali ambapo maji hufika kwanza.

Tatu, kina mama waliokaribia kujifungua waitwe mapema, kabla barabara hazijakatika. Mama aliyezingirwa na maji hawezi kungojea gari.

Nne, tukumbuke ya kwamba maji yakipungua, maradhi huongezeka. Kipindupindu chaweza kuua mtu kwa muda wa saa chache tu. Mahali pa kuwatenga wagonjwa wake pachaguliwe mapema, na maji ya kutundika yawekwe ya kutosha. Nanyi mlioko majumbani, mtu akianza kuharisha, mpeni maji ya kunywa yaliyotengenezwa hivi: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Kisha mpelekeni hospitali bila kukawia.

Jambo la mwisho husahauliwa mara nyingi. Muuguzi naye ana nyumba na watoto. Ikiwa maji yamefika mlangoni pake, moyo wake utagawanyika kati ya wodi na jamaa zake. Basi na apatane mapema na jirani au ndugu aishiye mahali pa juu, ili watoto wapate pa kulala. Enyi majirani, mkimpokea mtoto wa muuguzi usiku wa gharika, mmewauguza wagonjwa wa wodi nzima.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu tunauona sasa, jua likiwaka. Tuuzibe kabla mawingu hayajatanda.