Hewa Kavu ya Jangwani na Maji ya Mfanya Kazi

(Hotuba ya mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa tawi)



Nimepewa nafasi niseme juu ya hewa ya jangwani. Huenda wengine watauliza, jangwa linatuhusu nini sisi watu wa reli? Nitawajibu kwa habari ya reli yenyewe.

Katika mwaka wa 1897 ilijengwa reli huko Sudan, kutoka Wadi Halfa mpaka Abu Hamed, kukata jangwa la Nubia. Urefu wake ulikuwa kama maili 230, na katikati hapakuwa na mto wala kijiji. Hata majina ya stesheni hayakupatikana, zikapewa namba tu. Visima vyenye maji vilipatikana mahali pawili, penye Namba 4 na Namba 6. Penginepo pote maji ya injini na ya watu yalichukuliwa kwa garimoshi. Miaka ile ile waliojenga reli kutoka Mombasa walipita nyika ya Taru, nao pia waliletewa maji kwa garimoshi. (Tena wafanya kazi wa reli wa Sudan, pale Atbara, walianzisha chama chao mwaka wa 1946. Hawakuwa watu wa kulala.)

Sasa, hewa kavu ni nini? Hewa yote ina maji ndani yake, ila hatuyaoni. Fikirini sanduku la mita moja kila upande. Hewa ya joto la digrii 30 ikishiba kabisa huchukua gramu kama 30 za maji katika sanduku hilo. Mombasa mara nyingi huwa imekwisha kuchukua gramu 20 au zaidi, basi nafasi iliyobaki ni ndogo. Jangwani mchana joto hufika digrii 40, na hewa ya joto hilo huweza kuchukua gramu kama 51. Lakini yaweza kuwa na gramu 5 tu, yaani 10 katika mia. Hewa hiyo ina kiu. Hunyonya maji popote iyakutapo: katika mpini wa sururu mpaka ulegee, katika mbao mpaka zipasuke, katika midomo na macho ya mtu.

Ukavu huo hutokana na mwendo wa hewa. Karibu na Ikweta hewa hupanda juu na kuacha mvua yake, kisha husafiri na kushuka juu ya nchi kama Sahara. Ikishuka huzidi kupata joto, na mawingu hayapatikani.

Jambo nililosimamia hasa ni jasho. Pwani ukipiga sururu, jasho latiririka mpaka kiunoni, nawe wajua kwamba maji yanakutoka. Penye hewa kavu jasho hukauka pale pale litokapo. Shati li kavu, lina alama nyeupe za chumvi tu. Mtu hudhani hatoki jasho, kumbe katika kazi nzito juani anapoteza lita moja kwa saa, na hata zaidi. Sisemi hewa kavu ni adui tupu. Jasho likikauka ndipo mwili upoapo, kama vile maji ya mtungi yapoavyo, na kwa hiyo mtu mwenye maji ya kutosha huweza kustahimili joto kavu kuliko joto lile lile la unyevu. Lakini awe na maji.

Nilijionea mwenyewe katika sehemu kavu ya njia. Gengi yetu ilikuwa watu 12, na debe moja la maji tangu asubuhi. Debe ni kama lita 18, yaani lita moja na nusu kwa mtu. Kwa saa sita za kazi ile mtu mmoja peke yake aweza kupoteza lita sita. Saa saba mchana ndugu mmoja alianza kusema maneno yasiyoeleweka, kisha akaketi juu ya reli asiinuke. Nyapara akamshika shati, akasema, "Tazameni, hana hata jasho. Huyu ni mvivu." Tulimlaza kivulini mwa toroli, tukammwagia maji yaliyosalia na kumpepea. Alipona, lakini ujira wake wa siku ile ulikatwa. Shati kavu ndilo lililokuwa shahidi juu yake.

Wataalamu wa Marekani, mkuu wao E. F. Adolph, waliwapima askari katika jangwa la California wakati wa vita vya pili, na kitabu chao kilitoka mwaka wa 1947. Waliona kwamba mtu afanyaye kazi hanywi maji yote aliyopoteza, hata yakiwa karibu naye. Kiu chake humdanganya. Waliona pia kwamba kubania maji hakusaidii, kwani jasho litatoka tu, unywe usinywe. Na avuaye shati juani hupoteza maji mengi zaidi. Basi wale ndugu wanaosema maji humfanya mtu awe mzito kazini, nawaomba waache kuwafundisha vijana hivyo.

Kwa hiyo naleta ombi kwamba maji yapimwe kwa hesabu ya watu na saa za kazi, si debe moja kwa kila gengi. Kazi nzito ianze mapema alfajiri. Na manyapara wafundishwe dalili za mtu aliyekaukiwa. Naomba Katibu aliandike hili katika daftari, liende pamoja na madai mengine. Ndugu yule aliyekatwa ujira yuko hapa leo, ameketi nyuma karibu na dirisha. Mwenyekiti akiruhusu, atasema mwenyewe.