Mshahara wa Ughaibuni na Maisha ya Morogoro: Tuhesabu Kinachobaki



Karibu kila familia ya Morogoro yenye mtu wake nje, iwe Kihonda, Mazimbu au kule juu Mgeta, huipiga hesabu ileile. Inachukua mshahara, inauzidisha kwa bei ya pauni au riali, kisha inaanza kupanga nyumba. Naamini hesabu hiyo ndiyo inayogombanisha ndugu wengi walioondoka na waliobaki.

Tuanze na Uingereza, ambako takwimu ziko wazi. Aprili 2025 kima cha chini kwa mtu mwenye miaka 21 au zaidi kilipandishwa hadi pauni 12.21 kwa saa. Kwa kiwango hicho, anayefanya kazi saa 40 kwa wiki anapata kama pauni 2,100 kwa mwezi. Pauni moja inazidi shilingi 3,000, kwa hiyo huku Morogoro tunasikia milioni sita na ushee, na shangazi anaanza kuulizia bei ya bati.

Sasa tupunguze. Kodi ya mapato na makato ya bima ya taifa yakitoka, zinabaki kama pauni 1,800. Serikali ya Uingereza yenyewe, kuanzia Januari 2025, ilimtaka mwanafunzi mgeni anayekwenda kusoma London aonyeshe kuwa ana pauni 1,483 za kujikimu kwa kila mwezi. Nje ya London zilikuwa 1,136. Huo ni mwongozo wa maisha ya kubana. Mfanyakazi anayeishi London kwa kiwango hicho anabakiwa na pauni 300 na kidogo, yaani kama milioni moja. Hapo hatujagusa ada ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka, ambayo wenye aina nyingi za viza hulipishwa kabla ya kuingia, wala nauli ya ndege ya kuja kuzika. Kijana anayesema "Mama, mwezi huu sina" mara nyingi anasema kweli, na inamuuma kwamba haaminiki.

Lakini na walioko nje wana kosa lao. Wanatuambia nyumbani maisha ni rahisi, elfu kumi inatosha. Inategemea unanunua nini. Simu ya pauni 200 ni kazi ya siku mbili kwa yule wa London. Hapa ni zaidi ya shilingi 600,000, wakati kima cha chini cha mtumishi wa umma, hata baada ya kupandishwa Julai 2025, ni 500,000. Mafuta ya gari, vipuri, kompyuta na dawa nyingi hutoka nje, navyo havimwonei huruma mtu kwa sababu anaishi chini ya milima ya Uluguru.

Kilicho rahisi kwetu ni jasho la watu. Ndizi za Kinole na kabeji za Nyandira zinapofika Soko Kuu la Chifu Kingalu, bei yake haijahesabu siku za kupalilia kwenye miteremko ile, wala mgongo wa mama aliyezibeba hadi barabarani. Msichana wa kazi, fundi bomba, msusi: wote ni nafuu kwa sababu wanalipwa kidogo. Anayesifia unafuu huo akumbuke nani anaugharimia.

Kuna pia mambo yasiyo na bei kabisa. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na mwenye shamba la ukoo kule mlimani anakula mihogo na magimbi bila kumlipa mtu pango. Bibi anamlea mjukuu. London malezi hayo yangemeza sehemu kubwa ya mshahara. Ila ukoo nao una michango yake: msiba, harusi, ada ya mtoto wa dada. Aliye nje anaendelea kuchangia huku analipa pango la ugenini, kwa hiyo anabeba gharama za nyumba mbili.

Tukija Oman, hesabu inageuka. Mfanyakazi wa ndani kwa kawaida hupewa chumba na chakula, hivyo mshahara mdogo unaweza kubaki karibu wote. Gharama yake iko kwenye saa. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 ilieleza habari za wanawake wa Tanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu, waliofanyishwa kazi hadi saa 21 kwa siku na kunyang'anywa pasipoti. Mkataba unaotaja riali bila kutaja saa na siku ya mapumziko haujataja mshahara.

Nawaomba wazazi: simu ikija, ulizeni kinachobaki baada ya pango, chakula na nauli, na kiwango cha kutuma kitoke humo. Nanyi vijana, kabla ya kusaini chochote, andikeni saa za kazi kando ya mshahara, kisha mwonyesheni mjomba au mama karatasi hiyo, ili anayebaki na anayeondoka wawe na hesabu moja.