Paja la Mbuzi, Karafuu na Jiko la Upepo

Hotuba iliyosomwa katika karamu ya wanafunzi wa zamani, Chake Chake

Bwana Mwenyekiti, waalimu wetu mliojaaliwa kufika, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wenzangu tuliokunywa pamoja uji wa dakhalia!

Katibu wetu aliponiandikia kunitaka nizungumze usiku huu, mada alinipa kwa maneno matatu tu: "Tueleze jiko lako." Nimewasikia baadhi yenu mkicheka. Pengine mlitazamia kuwa mwenzenu aliyekaa Uingereza miaka 26 angezungumzia mambo makubwa ya dunia. Lakini kazi yangu huko ilikuwa jikoni, katika hoteli, na mpishi akisimamishwa aseme, atasema chakula. Niwieni radhi.

Nianze mbali kidogo. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ile, ilipokaribia Krismasi, mpishi mkuu aliweka mezani paja zima la nguruwe, lile wanalolitia chumvi na kulihifadhi. Akalichanja mafuta yake kwa kisu, mistari ya kukatana kama nyavu ya mvuvi. Kisha akanipa kikopo, akaniambia nichomeke punje moja katika kila pembe. Nikafungua kikopo. Ndugu zangu, ilikuwa karafuu!

Sisi wa Pemba nguruwe tunamjua kwa jambo moja tu, nalo ni kuwa yeye ni adui wa muhogo. Husemwa kuwa Wareno ndio waliomwacha hapa, na tangu hapo wakulima wa kandokando ya misitu hawajapata usingizi mzuri. Basi na tazameni mambo ya dunia: karafuu yetu, aliyoianika mama kwenye jamvi, imekwenda kumpamba yule anayetufukulia makonde! Nilivaa mipira ya mikononi, nikachomeka kama nilivyoamrishwa, kwani ndiyo kazi niliyoajiriwa. Kula sikula. Lakini punje tatu nilizitia mfukoni, na usiku nilizinusa mpaka nikapata usingizi.

Sikuweza kujua kama zilitoka Pemba, au Madagaska, au Indonesia, kwani kikopo hakikuandikwa. Hilo nalo lilinifunza jambo. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, kisiwa chetu ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Waindonesia walikuwa wateja wetu wakubwa, wakizitia katika sigara zao, mpaka walipopanda za kwao zikawatosha, na katika miaka ya 1980 soko letu likaporomoka. Yote haya yametupata sisi, na yule mlaji wa Krismasi hakujua hata jina la kisiwa. Akimaliza kula, hubandua punje akaziweka ukingoni mwa sahani.

Sasa nije kwenye jiko. Wauzaji hukiita kikaango cha hewa, lakini jina hilo linadanganya, kwani hakikaangi kitu. Ndani yake, juu, mna waya wa moto, na juu ya waya mna feni. Feni huusukuma ule moto chini kwa nguvu, upepo ukazunguka chakula pande zote ndani ya chumba kidogo, ukaikausha ngozi yake kwa haraka. Kwa hiyo mimi naliita jiko la upepo. Kampuni ya Philips ya Uholanzi ilionyesha la kwake mjini Berlin mwaka 2010. Mwaka huohuo wa 2010 ndipo waya wa umeme uliopita chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika Pemba, tukapumzika na majenereta ya mafuta ya pale Wesha. Nimeona niyataje pamoja, kwani jiko bila ya waya ni sanduku tu.

Niliporejea nyumbani nilisema: ile hila ya mpishi wangu ni nzuri, kosa ni mnyama tu. Nitaifanya kwa paja la mbuzi. Wenye kalamu andikeni.

Chukueni paja dogo la mbuzi, lisilozidi kilo moja na nusu, na mwambieni mwenye bucha alikate mfupa wa chini ili liingie. Nguruwe wa Krismasi huwa amekwishaiva kabla ya kutiwa jikoni, na hapo ndipo wengi hukosea, wakamtia mbuzi mbichi wakadhani ni mamoja. Mbuzi ana mishipa. Mchemsheni kwanza kwa moto mdogo, kwa chumvi, tangawizi na thomu, muda wa saa moja na nusu, mpaka uma uingie bila ya kugombana. Mtoeni, mkausheni kwa kitambaa. Supu msimwage, ni haki ya mpishi.

Kisha mchanjeni juu kwa mistari ya kukatana, na kila pembe mchomeke karafuu moja, kikonyo chote kizame kibaki kichwa tu, ama sivyo feni itaipeperusha. Karafuu 20 zinatosha. Mkizidisha, nyama itakuwa chungu na ulimi utakufa ganzi kama uliokwenda kwa daktari wa meno. Na chagueni karafuu njema. Iminyeni kwa ukucha. Ikitoa mafuta, hiyo ndiyo. Isiyotoa kitu imekwishazeeka dukani.

Funikeni paja kwa karatasi ya foili, mlibane vizuri, mlipike kwa digrii 160 dakika 25. Hapo tayarisheni rojo: vijiko vinne vya asali ya nyuki, kimoja cha sukari guru, maji ya ndimu moja, na pilipili manga. Fungueni foili, pakeni rojo, pandisheni moto mpaka digrii 180. Baada ya dakika saba pakeni tena, kisha dakika nane nyingine. Asali isipakwe mwanzo hata kidogo! Sukari huungua kabla ya nyama kupata moto ndani, mkabaki na paja jeusi na moshi nyumba nzima. Jiko langu ni la wati 1,500. Kwa dakika 40 halimalizi zaidi ya yuniti moja ya umeme. Linganisheni na mkaa.

Hiyo ndiyo mada niliyopewa, na ningeweza kukaa kitako. Lakini liko jambo jingine, na nimepata ruhusa ya mwenyewe kulisema.

Mara ya kwanza nilipolipika paja hili Pemba, sikulipika nyumbani kwangu. Nililibeba jiko mapajani ndani ya gari ya abiria, nikaenda kijijini upande wa Wete kwa mtu tuliyesoma naye. Wengi wenu mnamkumbuka. Mwaka 1974 tulipokuwa kidato cha pili tulipelekwa kambini kuchuma karafuu, wawili wawili, mmoja juu na mmoja chini, kwa zamu. Asubuhi moja, usiku wake mvua ilikuwa imenyesha, zamu ya kupanda ilikuwa yangu. Nilisema nina homa. Akapanda yeye. Mnaijua karafuu, huota ncha kabisa ya tawi, na mti wenyewe ni mwepesi wa kukatika. Alikuwa akilivuta tawi kwa ngoeo, na lile alilolikanyaga likakatika. Nyonga ikavunjika, mguu ukapona mfupi, na skuli hakurudi tena. Mimi niliendelea, nikafaulu, nikasafiri. Kwa miaka ile yote nilimpelekea salamu, nguo na fedha kidogo, wala sikumwambia neno.

Basi siku hiyo tuko kwake, paja limo jikoni, dakika ya 20, umeme ukakatika. Feni ikanyamaza. Nilisimama nimeshika foili kama mtu aliyefiwa. Shemeji, mkewe, akatoka uani akaniuliza, "Sasa fundi, wasubiri nini?" Akalichukua paja akalitia katika sufuria zito, akaliweka juu ya moto mdogo, akafunika, na juu ya mfuniko akapalia makaa ya vifuu. Kupalia! Bibi zetu walikuwa wakijua zamani kwamba moto wa juu ndio unaofanya ngozi. Kitu nilichokinunua kwa fedha nyingi, shemeji alikuwa nacho uani. Nikapaka rojo mara mbili kama kawaida, akarejeza mfuniko mara mbili, na lilitoka linang'aa.

Tukakaa kitako kula. Sahibu yangu alizibandua karafuu moja moja, akazipanga ukingoni mwa sahani, akazihesabu. Mkono wangu ulikataa kwenda mdomoni. Nikamwambia, "Siku ile sikuwa na homa."

Akaendelea kutafuna. Kisha akasema, "Najua. Nilikushika kipaji kabla sijapanda. Kilikuwa baridi kuliko changu."

Nikamwuliza, "Mbona basi ulipanda?"

Akasema, "Nilikuona unaogopa. Mimi siku ile sikuogopa. Ningalijua, ningaliogopa na mimi, na zile karafuu zingali mtini mpaka leo." Akacheka, na shemeji akacheka, akanisogezea mfupa wenye nyama.

Bwana Mwenyekiti, sikusamehewa kwa maneno mengine zaidi ya hayo, na sikuhitaji. Lakini nilirudi nyumbani nikifikiri. Ukingoni mwa sahani yake mlikuwa na karafuu 20, hata kiganja hazijazi. Watu wa mbali hubandua zao wakazitupa bila ya kujua kuwa kila moja ilifuatwa juu ya mti na mkono wa mtu. Sisi tunajua, na mimi nilijua kuliko wote nikanyamaza miaka na miaka.

Mwenzetu huyo yumo ukumbini usiku huu, meza ya tatu. Tulipoingia, nilikitazama kibandiko alichopewa kifuani. Kimeandikwa "Mgeni." Katibu hana kosa, amefuata kanuni, nayo inasema mwanachama ni yule aliyemaliza masomo. Lakini nauliza: yule aliyeanza nasi, akala uji wetu, akavunjika katika kazi tuliyopelekwa pamoja, ni mgeni wa nani?

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza, mkutano wa kesho asubuhi uibadilishe kanuni hiyo, aliyeingia darasani nasi awe mwenzetu, amalize asimalize. La pili, uanzishwe mfuko mdogo wa kumtibu na kumrudisha darasani mtoto yeyote wa skuli yetu atakayeanguka mkarafuuni. Msimu hauna huruma, na watoto wa wakulima bado wanapanda kuwasaidia wazee wao. Bwana Mweka Hazina, niandike wa kwanza, shilingi laki mbili, na kalamu usiifunike.

Ama wale waliokuja kwa ajili ya jiko tu, paja liko meza ya mwisho karibu na mlango. Nimepika mawili, moja kwa upepo wa umeme, moja shemeji amelipalia kwa makaa. Sitawaambia lipi ni lipi. Onjeni, kisha mje mniambie. Na karafuu mtakazozibandua, tafadhalini zihesabuni kabla ya kuziweka kando.