Joto la Jua Litukaushie Nini?

Leo tuzungumze juu ya joto la jua. Sisemi habari ya sola ya kuwasha taa. Nasema joto lenyewe, lile linalounguza bati la nyumba yako saa nane mchana. Je, laweza kutukaushia mazao na kutupunguzia ukataji wa miti? Laweza, lakini si kwa kila kazi.

Tuanze na mahindi. Kwetu Katavi tunavuna mvua zikiwa zimekatika, jua lipo. Kosa ni kuyamwaga chini kwenye udongo. Hapo hupata unyevu, na unyevu huleta ukungu. Ukungu wa namna fulani hutoa sumukuvu, sumu isiyoonekana kwa macho wala kuisha kwa kupikwa. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo, na 20 kati yao walifariki. Kwa hiyo anika juu ya kichanja au turubai, geuza mara kwa mara, na funika jioni kabla ya umande.

Utajuaje yamekauka? Chukua chupa kavu ya kioo, tia punje za mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Rudisha juani.

Sasa mboga na matunda. Hapa tumia kaushio la jua. Tengeneza sanduku la mbao lenye miguu, ndani lipake rangi nyeusi, maana rangi nyeusi hunywa joto. Juu funika kwa nailoni angavu iliyolala mteremko kuelekea kaskazini, kwa sababu miezi ya kiangazi jua letu hupita upande huo. Toboa matundu chini upande wa mbele na juu upande wa nyuma, uzibe kwa wavu wa kuzuia nzi. Hewa baridi huingia chini, hupata moto, hutoka juu na unyevu. Bila matundu hayo hukaushi, unachemsha! Mboga za majani zitandikie kitambaa cheusi juu yake, kwani jua kali likizipiga moja kwa moja huua vitamini A.

Shida zake zipo, tusifichane. Nailoni ya kawaida huchakaa upesi juani. Siku ya mawingu kazi hulala. Tena sanduku hili ni dogo, si la magunia. Basi anzeni kwa kikundi, kaushio moja kwa nyumba kadhaa, mlione kwanza.

Mkulima wa tumbaku ya mvuke ataniuliza, "Bwana shamba, na bani langu je?" Ndugu yangu, bani linataka moto usiku na mchana kwa siku kadhaa, na mwishoni joto hufika nyuzi 70 hivi. Jua huzama jioni. Joto likikatika katikati, majani yanaharibika na daraja linashuka. Jua peke yake halitoshi, na atakayekuuzia nailoni kwa kazi hiyo anakupotezea fedha.

Lakini jua likaushie kuni zako. Kuni mbichi hutumia moto wake mwingi kukausha maji yaliyomo ndani yake. Zipasue mapema, zipange juani zikipitiwa na hewa, kisha zifunike kabla ya mvua. Ziba pia nyufa za bani. Hapo utachoma kuni chache kwa tumbaku ile ile.

Makazi ya Mishamo yalianzishwa mwaka 1978 katikati ya miombo. Muulizeni mzee aliyefika wakati ule kuni zilikuwa hatua ngapi kutoka mlangoni, kisha pimeni mwendo wa leo.

Haya, wakulima wenzangu, msimu huu jaribuni chupa ya chumvi kabla hamjafunga gunia hata moja. Kazi njema!