Gari la Fahari Lililokwisha Kutumika



Chama cha msingi kinapotafuta gari la kufikia vituo vya kununulia mazao, gari la fahari lililokwisha kutumika huvutia kwa urahisi wa bei. Lakini bei ya vipuri vyake haikushuka pamoja nalo, na fedha hizo ni ushuru wa mkulima.

Tuchukue Range Rover. Ile ya mwaka 1970 ilikalia springi za chuma. Iliyotolewa mwaka 1994 ilikalia mifuko ya mpira, inayojazwa hewa na kompresa kwa amri ya kompyuta. Raha yake haina kifani! Walakini mpira ukichanika, gari hulala, na fundi wa kijijini, hata awe hodari, hana la kufanya. Wapo wenye magari hayo walioing'oa mifuko wakatia springi.

Jina nalo lisidanganye: Toyota Land Cruiser 100, iliyoanza mwaka 1998, ipo yenye springi na vyuma vya kawaida, na ipo inayopandishwa kwa nguvu ya mafuta.

Kabla ya hundi kutiwa sahihi, gari lenye mifuko ya hewa lilazwe usiku kucha mahali tambarare, injini imezimwa. Kimo chake kipimwe jioni kwenye kila gurudumu, kisha asubuhi. Likiwa limezama, hewa inavuja. Muuzaji akikataa lisilazwe, kamati itafute gari jingine.