Mwanamke si Zawadi ya Mshindi



Leo tuzungumze juu ya michezo ya video ambayo watoto wetu wanacheza. Wengi wetu tulifika hapa Kolwezi tukiwa tumeacha nyumba na mashamba. Mtoto akipata kitu cha kumsahaulisha, tunafurahi. Lakini tuketi karibu naye, tutazame pamoja.

Mchezo mmoja maarufu wa hadithi za ajabu unaitwa The Legend of Zelda. Zelda ni binti wa mfalme. Mchezo ulitoka mwaka 1986 ukiwa na jina lake, lakini shujaa ni kijana Link. Zelda amefungwa, anangoja kuokolewa. Kampuni ya Nintendo ilitoa mchezo mkuu ambao Zelda mwenyewe ndiye shujaa mwaka 2024. Miaka 38! Katika michezo mingine mwanamke ni mchawi mwenye nguo chache, kazi yake kumpoteza mwanaume.

Tusiwacheke wageni. Miaka ya 1970 picha za Mamba Muntu zilitundikwa katika nyumba nyingi za Katanga: nusu mwanamke, nusu samaki, anamtajirisha mwanaume, kisha anamwangamiza. Na kwenye machimbo bado wako wanaosema mwanamke akikaribia shimo, madini yanatoroka. Basi mama anabaki majini kuosha mawe, na malipo yake ni madogo. Kobalti hiyo ya Lualaba ndiyo inayoingia katika betri za simu wanazochezea watoto.

Hadithi hizi zinajua wanawake wa aina mbili tu: zawadi na hatari. Zawadi haiombwi shauri. Hatari haikaribishwi barazani. Kwa hiyo siku ya kujadili fidia au kiwanja kipya, wababa wanatia sahihi peke yao, na mama anayejua maji yako mbali kiasi gani hakuulizwa. Ugomvi unaanzia hapo. Tena Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 14, inampa mwanamke haki ya kuwakilishwa sawa.

Tunaomba mambo mawili. Wazazi, msimnyang'anye mtoto simu. Mwulizeni: huyu mwanamke anataka nini mwenyewe? Viongozi, katika mkutano ujao wamama waketi mbele, na wasikilizwe kabla ya uamuzi, si baadaye.

Amani ya kijiji inaanzia katika hadithi tunazowapa watoto.