Sababu ya Injini ya Mipigo Miwili Kukohoa Iendapo Polepole

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee, walimu na vijana wa ufundi)



Nimeombwa niseme habari za ile pikipiki ya magurudumu manne, na asili ya ombi hilo ni barua ya mwalimu mmoja. Aliandika kwamba chombo chake kikienda mbio chaenda vizuri, sauti yake imenyoka. Lakini apunguzapo mwendo ili apite penye matope au kati ya watu, chakohoa, chakatakata, na mara nyingine chazimika kabisa. Kisha akaongeza neno lililonitia hofu. Rafiki yake amemshauri apunguze oili anayoichanganya katika petroli, kwa kuwa plagi hutoka nyeusi. Neno hilo nitalirudia. Kwanza yatupasa kuifahamu injini yenyewe.

Nitachukua mfano wa vyombo viwili vilivyoenea sana huko Marekani, vyote vimeundwa na Yamaha ya Japani. Cha kwanza ni Blaster, chenye silinda moja ya sentimita 195 za ujazo, kilichouzwa huko tangu mwaka 1988 hata 2006. Cha pili ni Banshee, chenye silinda mbili, kilichouzwa tangu 1987 hata 2006. Wale wenye misumeno ya kukatia magogo, au mashini za zamani za boti, wasidhani kwamba hotuba hii haiwahusu, maana injini hizo nyingi ni ndugu za hizi.

Injini ya namna hii si jambo jipya. Mwingereza mmoja, Joseph Day wa mji wa Bath, alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1891. Hila yake ilikuwa kuitumia nafasi iliyo chini ya pistoni, pale panapozunguka krenki, iwe pampu. Pistoni ipandapo, huvuta hewa na petroli kuingia chini. Ishukapo, huusukuma mchanganyiko huo upite katika njia za ubavuni hata juu ya pistoni. Basi kila mzunguko mmoja wa krenki una moto wake. Injini ya mipigo minne hungoja mizunguko miwili, nayo ina vali za kufungua na kufunga milango yake. Hapa hapana vali hizo. Pistoni yenyewe ndiyo bawabu, na milango ni matundu katika ukuta wa silinda.

Sasa tazameni shida iliyomo. Mlango wa kutolea moshi na ule wa kuingizia mchanganyiko mpya huwa wazi kwa wakati mmoja, na kinachoutoa moshi wa zamani ni ule mchanganyiko mpya unaoingia kwa nguvu. Ukifungua akseli, mgeni huingia kwa wingi na kumtoa mwenyeji nje. Lakini ukiifunga karibu yote, kinachoingia ni kidogo, hakina nguvu ya kufukuza kitu, na silinda hubaki imejaa moshi. Plagi hupiga cheche yake, lakini moshi hauwaki. Mzunguko ule hupita bure. Mzunguko wa pili huongeza mchanganyiko mpya kidogo, na wa tatu kidogo, hata upatikane wa kutosha kuwaka, ndipo injini ipige mara moja kwa kishindo. Krenki ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, yapasa kuwe na mioto 25 kwa kila sekunde. Ikikosa mmoja kila baada ya miwili au mitatu, sikio lako husikia kikohozi.

Kwa hiyo kikohozi kidogo, chombo kikiwa kimesimama au kikishuka mlima akseli imefungwa, ndiyo tabia ya injini hii tangu kuzaliwa kwake, wala haina dawa.

Bomba la moshi nalo lina sehemu yake. Mmeliona lilivyovimba katikati na kusinyaa mwishoni. Aliyeendeleza sana elimu ya bomba la namna hii ni Walter Kaaden, katika kiwanda cha MZ huko Zschopau, Ujerumani ya Mashariki, miaka ya 1950. Mwaka 1961 mpanda pikipiki wake, Ernst Degner, alitoroka na kujiunga na Suzuki ya Japani, akaenda na elimu hiyo. Na mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa pikipiki za sentimita 50. Kazi ya bomba hilo ni hii: wimbi la kishindo cha moshi huenda hata mwisho uliosinyaa, hurudi, na kuusukuma ndani ya silinda mchanganyiko uliokuwa ukitoroka. Lakini safari ya wimbi haingojei pistoni. Bomba limepimwa kwa mwendo mkubwa. Katika mwendo mdogo wimbi hufika kabla ya saa yake, likawa kama mgeni ajaye wenyeji wangali shambani. Chombo chenye bomba la mashindano hukohoa kuliko chenye bomba lake la asili, na anayelinunua kwa ajili ya sauti yake asije akamlaumu fundi.

Hayo ndiyo maumbile. Kikohozi kikizidi, au kikianza siku ambayo jana yake hakikuwapo, huo ni ugonjwa, nao ni wa namna mbili zilizo kinyume: petroli imezidi hewa, au hewa imezidi petroli. Kuzitofautisha si kazi ngumu. Ioteshe injini moto hata ipate joto lake, kisha ivute choki kidogo ingali ikinguruma polepole. Ikipata nafuu, ilikuwa na njaa ya petroli. Ikizidi kukohoa, ilikuwa imevimbiwa. Plagi nayo husema: nyeusi yenye ubichi ni shibe, nyeupe kama majivu ni njaa.

Njaa ndiyo ya kuogopwa. Mara nyingi hutokana na jeti ndogo ya kabureta, ile ya mwendo mdogo, ambayo tundu lake halifiki nusu milimita. Petroli ikilala humo miezi kadhaa huacha utomvu unaoziba. Izibueni kwa pumzi ya pampu, msiichokoe kwa waya wa chuma, maana tundu likipanuka jeti hiyo haifai tena. Lakini kama jeti ni safi na njaa ingalipo, na hasa kama ukiachia akseli injini hukawia kushuka mwendo, basi hewa yaingia kwa mlango wa wizi: mpira wa kabureta umepasuka, au sili ya krenki upande wa sumaku imechakaa. Hapo zimeni, msiendeshe hata kwa safari fupi. Hewa hiyo huongeza joto, na joto huyeyusha pistoni.

Blaster na Banshee zina jambo lao jingine lililowasumbua mafundi wengi. Zimewekewa swichi ya usalama kwenye mkono wa akseli na kwenye kabureta, ili kabureta ikikwama wazi, cheche izuiwe. Waya wa akseli ukilegea, au swichi zikiingia maji, chombo hudhani kimekwama, nacho huzuia cheche ilhali hapana hatari yoyote. Mtu hununua plagi tatu na kabureta mpya, na ugonjwa ulikuwa katika swichi.

Nirudi kwenye oili. Blaster ina pampu yake ya oili. Banshee huchanganyiwa tangini. Tuseme kitabu cha injini yako chataka 32 kwa 1, yaani robo lita ya oili katika lita 8 za petroli. Oili hiyo ndiyo pekee inayolainisha krenki, beringi na pistoni. Tena rafiki wa mwalimu amekosea hata katika hesabu: jeti hupitisha kipimo kile kile cha majimaji, na ukitoa oili, nafasi yake hushikwa na petroli. Injini iliyovimbiwa huongezewa chakula.

Nilijifunza hayo kwa pikipiki ya mjomba wangu. Nilikuwa kijana, nikatia nusu ya oili ili plagi isichafuke. Siku ya kwanza moshi ulipungua, nikajiona fundi. Siku ya tatu, tukipanda mlima, injini ilishika, gurudumu la nyuma likafunga, tukaanguka sote wawili. Mjomba hakunena neno. Aliisukuma pikipiki hata nyumbani. Fedha za silinda na pistoni zilitoka katika ng'ombe aliyekuwa amewekwa kwa ajili ya karo yangu, nami nilikaa nyumbani mwaka mzima.

Mwalimu yule nilimwandikia asipunguze kitu, aje na chombo. Tulipovuta choki kikazimika, kwa hiyo ilikuwa shibe. Tulizungusha skurubu ya hewa ya mwendo mdogo, kisichobadilike kitu. Tukafungua kabureta, na kwenye mdomo wake tukaona tundu la hewa iendayo kwenye skurubu hiyo limezibwa na udongo mwekundu, uliokandwa vizuri na nyigu wakati chombo kilipokuwa ghalani bila chujio. Tuliutoa, tukapuliza, tukarudisha chujio, tukatia plagi safi. Aliondoka jioni akipita polepole kati ya watoto wa shule, na oili yake tangini ilikuwa kwa kipimo cha kitabu.